Mbuzi na Mpaka

Mbuzi wa mama mkwe alikula mpaka wa Kenya na Tanzania Jumamosi ya soko, wakati watu wazima wote tulikuwa mjini. Alianzia pembe ya Illasit, akafuata mstari kuelekea Loitokitok, na binti yangu alipomfukuza kwa fagio, alikuwa anamalizia Tarakea. Kwenye ubao wa plaiwudi palibaki mteremko wa Kilimanjaro, kipande cha Kimana na ukingo wenye alama za meno.

Ramani zilitoka kwenye sanduku la bati la marehemu baba mkwe. Ujanani alikuwa akishika mnyororo kwa wapimaji wa ardhi, na karatasi zilizochakaa alizileta nyumbani badala ya kuziacha zitupwe. Ni zile za 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja, zilizochorwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Kontua ni za kahawia, mito ni ya buluu. Kuelekea tambarare za Amboseli kontua zinaachana mpaka karatasi inabaki karibu tupu, na utupu huo ndio ulionivuta. Huko ndiko ng'ombe wa ukoo huu walikochungwa vizazi na vizazi. Nilitaka kuujaza kwa ngozi, shanga na uzi, nikijua wapo waliotangulia: msanii Malala Andrialavidrazana wa Madagaska ameunganisha atlasi za karne ya 19 na picha za noti, na kazi yake imenifundisha kuiuliza ramani ilichorwa kwa ajili ya nani.

Mama mkwe aliniruhusu kwa sharti moja: mkasi usiguse karatasi. Mume wangu naye aliongeza lake, kwamba ramani ya shamba, iliyotolewa grupu ranchi, ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, ilipogawanywa, ikae mbali na meza yangu. Tukazichambua zote kitandani, ile ya shamba Mama akaichukua mwenyewe.

Ramani kuukuu haitaki haraka. Kwanza unagusa wino pembeni kwa pamba yenye maji. Pamba ikitoka na rangi, karatasi hiyo usiiloweshe. Gundi niliipika kwa unga wa ngano uliochekechwa, nikaukoroga hadi ukawa uji laini usio na donge hata moja. Nang'ang'ania ngano kwa sababu siku yoyote karatasi inaweza kubanduliwa tena kwa maji. Niliunganisha karatasi mbili, nikazilaza ubaoni, nikausimamisha ubao barazani ukauke. Lango la zizi lilifunguliwaje, hakuna aliyejua. Mbuzi alifuata ngano.

Habari zilifika mjini kabla ya sisi kufika nyumbani, tena zimepotoka: ramani ya shamba imeliwa! Shemeji alikuja kwa bodaboda, na nyuma yake jirani ambaye tuna mvutano naye kuhusu bikoni ya mpaka wa mashamba yetu. Jirani alikuwa mtulivu kupita kiasi. Shemeji alisimama mbele ya ubao, akatazama meno yale, akakosa la kusema.

"Yeyo, ile ya shamba iko wapi?" mume wangu akauliza.

Mama hakujibu. Aliingia chumbani, tukasikia godoro likiinuliwa, akatoka na bahasha ya kaki. Ramani ilikuwa nzima. Jirani aliaga bila kumaliza chai.

Shimo sasa. Nilikuwa tayari kubandua kila kitu, lakini Mama alivuta kigoda, akaweka kidole palipokuwa mpaka, akaanza: hapa tulipita na maharage kwenda Tarakea, hapa palikuwa na mti wa kupumzikia, hapa maji. Mstari wenyewe haukuwahi kumzuia. Uliafikiwa mwishoni mwa 1886 kati ya Waingereza na Wajerumani, kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwa Jipe, ukazunguka mguu wa kaskazini wa mlima, kisha ukanyooka hadi ziwa kuu la Nyanza. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaizari mlima huu; lakini Wilhelm alipanda kiti cha enzi 1888, mlima ukiwa umeshagawiwa.

Binti yangu, ambaye jioni nzima alikuwa amenuna kwa hofu ya kulaumiwa, ndiye aliyeleta daftari na kuandika kila alichosema nyanya yake. Nilimweleza kuhusu Jakob Erhardt, mmisionari aliyekusanya maneno ya wafanyabiashara wa msafara, akachora bara likiwa na ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono. Ramani hiyo ilichapishwa 1856, na mwaka huohuo wasafiri Burton na Speke wakatumwa kuja kutazama. Ziwa lile halikuwa moja, lakini maji yalikuwepo: waliosimulia walikuwa wameyaona.

Basi shimo tumelifunika kwa ngozi ya mbuzi (si yule), na njia ya Mama inashonwa juu yake kwa shanga nyekundu. Mti wa kupumzikia tumeushona kijani. Njia ya kwenda Rombo bado inagombaniwa: Mama anataka buluu, binti yangu anasema buluu ni ya maji peke yake, na shemeji, ambaye siku hizi anapita kila jioni, anaunga mkono kila upande kwa zamu.