Punda wa Blackpool Wana Ijumaa, Mimi Nina Mashine

Ami, na nyote mliokaa barazani,

Habari zenu zimenifikia: kwamba nimeacha kazi, nachimba dhahabu ufuoni Blackpool, Uingereza, na kwamba kiwanja cha ghorofa yangu kimeshatafutwa hapo Langoni, Lamu. Kazi sijaacha. Dhahabu ipo, ila haijai kijiko cha chai. Mashine mliyoiona kwenye picha, yenye mpini mrefu na sahani chini, ni ditekta ya kunusia madini, na wenzangu katika shughuli hii wengi ni wazee waliostaafu ambao wake zao wamechoka kuwaona nyumbani. Kwa kuwa kila mmoja ananiuliza inatumikaje, nawajibu wote kwa mpigo.

Kwanza mjue mashine haina akili. Sahani inapeleka nguvu ya sumaku mchangani, chochote cha madini kinaijibu, nayo inalia. Msumari unatoa mlio mzito, fedha na shaba mlio mwembamba wa juu. Pete ya dhahabu inalia katikati, na hapo ndipo penye fitina, kwa sababu kile kishikio cha kufungulia kopo la soda nacho kinalia papo hapo. Mashine ina kitufe cha kuiambia isilie kwa takataka. Mgeni hukibonya haraka, akastarehe, akapita juu ya pete ya ndoa ya mtu akipiga mluzi. Mimi nachimba kila mlio, ndiyo maana nina mfuko mzima wa vishikio vya makopo. Mkisikia nimejenga, jueni ni kwa bati.

Mchanga mkavu hauna shida. Shida ni mchanga uliolowa, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme, na mashine ya bei nafuu ikifika hapo inapiga kelele bila kuona kitu. Dawa yake ni kuipunguza ukali na kuizoesha mchanga ule kabla ya kuanza, au kununua ile inayotumia masafa mengi kwa pamoja. Iko pia ya aina nyingine isiyojali sana chumvi, lakini nayo haibagui: utachimbua kila msumari uliodondoka tangu enzi za Malkia Victoria.

Sahani iende chini, sambamba na mchanga, polepole, kila mpapaso upite juu ya nusu ya uliotangulia. Wanaoanza huinyanyua kila mwisho wa mkono kama wanaofyeka nyasi, wakajipunguzia kina bila kujua. Ukisikia mlio, zungusha sahani upate kati yake, zamisha chekeche la chuma lenye mpini, inua, kisha papasa shimo tena kabla ya kuhangaika na mchanga uliotoka. Na shimo lifukiwe. Mtoto wa watu akivunjika mguu hapo, hakuna atakayeuliza ulipata nini.

Lakini haya yote ni mikono tu. Elimu yenyewe, Ami, ulinipa wewe pale tulipokuwa tukisubiri maji ya kutoa ngalawa. Wazee wa huku wana vitabu vya majedwali ya maji, wanavaa miwani kuvisoma. Mimi natazama mwezi. Mwezi mchanga au mpevu ukipita siku moja au mbili, bamvua imeiva, na bamvua ya huku si mchezo: kwetu maji yanapanda na kushuka mita 3 hivi, hapa ni karibu mita 8. Yanakupwa mpaka unadhani bahari imehama. Naanza saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, nayafuata yanavyoshuka, na yakigeuka tu nami nageuka. Huku yanarudi kwa ujanja, yanapitia kwenye vijito vya mchanga nyuma yako, na mwenye hedifoni masikioni hushtukia yuko kisiwani.

Siku nzuri kuliko zote ni baada ya dhoruba. Mawimbi yanabeba mchanga mwepesi na kuacha vizito, navyo hujikusanya pamoja. Ukianza kuokota chubwi za wavuvi, usiondoke mahali hapo. Risasi na dhahabu zote ni nzito, zinalala kitanda kimoja.

Kisha usiwafuate samaki, wafuate watu. Wanakotandika taulo, chini ya gati wanakojificha upepo, mwisho wa ngazi wanakokung'uta viatu. Maji ya huku ni ya baridi hata mwezi wa Julai. Mtu akiingia kidole kinasinyaa, na kama amejipaka mafuta ya jua, pete inateleza bila kuaga.

Na kuna njia ya punda. Ndiyo, punda! Wanakodishwa ufuoni kubeba watoto, na mzazi akiinama kumpandisha mtoto mfuko wa shati unamwaga sarafu. Sasa sikilizeni hili: kwa kanuni za mji huu, punda wana saa nzima ya chakula cha mchana, na Ijumaa hawafanyi kazi. Ijumaa! Barua hii msiisome karibu na punda wa Lamu, tusije tukakosa wa kubeba matofali. Mimi nikitoka msikitini njia yao iko wazi, napapasa nitakavyo.

Napata nini? Sarafu nyingi. Zile za peni moja na mbili tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, kwa hiyo bahari huzila zikawa donge la kutu. Pauni ya mviringo inatoka inang'aa, ukaifurahia, ukafika dukani ukaambiwa iliondolewa 2017, ipeleke benki.

Hazina ya kweli haiwi yako hivi hivi. Kwa sheria ya 1996, Uingereza ukiipata una siku 14 za kuripoti kwa afisa yule yule anayechunguza vifo vya utata. Kitu cha meli iliyozama kina ofisi yake, siku 28. Na kabla ya yote uliza ufuo ni wa nani, maana nchi hii hata mchanga wa kupwa una mwenyewe. Ukikuta chuma cha mviringo kinachofanana na bomu, ni bomu. Piga 999, uwaite walinzi wa pwani.

Aliyewatia wazimu nyote ni yule Eric Lawes. Mwaka 1992, kijijini Hoxne, alikwenda na ditekta kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani, akaibua sarafu za Kirumi karibu 15,000. Wakalipwa pauni milioni 1.75. Nyundo nayo ilipatikana, nayo iko British Museum. Lakini lile lilikuwa shamba, Ami, mimi niko kwenye taulo za watu.

Kuhusu ombi lako la kutumiwa mashine uvuke nayo kisiwani Manda, kwa kuwa 2013 watafiti walipata huko sarafu ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle: hao walikuwa watafiti. Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Vya kale ni vya serikali, na kuvisaka bila leseni ni kesi. Sitaki kukutumia mashine leo na wakili kesho.

Kipini cha Shangazi kilichopotea Shela ni jambo jingine, nitaileta mashine nikija. Ila kwanza apekue unga wa mahamri. Mara ya mwisho tulikausha kisima, na kipini kikaonekana kwenye meno ya mgeni.

Wasalaam,
Mwanenu, Blackpool