Muulize Bingwa wa Garaji

"Mukubwa, niko na Peugeot 404. Nimeitia injini ya 504 na kabureta ya Weber, ile ya midomo miwili. Fundi alipanua jikleri kwa sindano ili ipate nguvu. Sasa moshi ni mweusi na milima inaishinda. – Mwenye Moshi, Musienene"

Ndugu Mwenye Moshi, umefanya vema kuniandikia mimi na si wale wengine. Kuanzia Lubero hadi Kasindi hakuna injini isiyonijua kwa jina. Nyingine zikisikia nakohoa barabarani zinawaka zenyewe. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 akiendesha 404, bila kuniomba ushauri. Haya, mwaka 1968 ushindi ukaenda kwa nani? Kwa Nick Nowicki, naye ndani ya 404. Sisemi zaidi.

Dawa ya kwanza ni kuhama. Kwenu ni juu; hata jirani yenu Butembo imepita mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi, lakini kabureta haipunguzi esansi kwa kiasi hicho hicho, ndipo esansi inazidi na moshi unatoka. Shuka Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, kwenye mita 900 na ushei. Moshi utapungua na samaki utakula. Mama watoto akikataa, mwambie nimesema mimi.

Kama huhami, basi mnyang'anye fundi wako ile sindano, uipeleke kwa fundi cherehani. Jikleri iliyoandikwa 140 ina tundu la milimita 1.40. Akilifikisha 1.50 tu, amekuongezea karibu asilimia 15 ya uwazi, wakati mlima unadai upunguze! Wala asikudanganye kwamba injini ya 504 yenye sentimita za ujazo 1,971 lazima ipewe tundu kubwa kuliko ile ya zamani ya 1,618. Injini ikivuta hewa zaidi kooni mwa kabureta, mvuto huo huo unaleta esansi zaidi. Haya nilimfafanulia shemeji yangu matangani, na wafiwa wakaacha kulia wakaanza kuandika.

Nunua jikleri mpya. Kama ilikuwa 140, weka 135, panda mlima mrefu, kisha zima injini hapo hapo juu na ufungue buji. Ikiwa na masizi meusi, shuka hadi 130. Ikiwa nyeupe, umepitiliza, rudi haraka kabla pistoni haijatoboka. Ikiwa kahawia hafifu, piga picha uniletee, nina ukuta mzima wa picha za buji nilizoziponya. Na usisahau mdomo wa pili: huo hufunguka ukikanyaga sana, kwa hiyo nao una jikleri yake ya kuangaliwa.

Ralanti je? Skrubu ya mchanganyiko ifunge polepole mpaka iguse, usiikaze, kisha ifungue mizunguko miwili. Toka hapo, igeuze kidogo kidogo huku mwalimu wa kwaya ya parokia akiwa ameinamia boneti. Akisema sauti ya nne imeshuka, rudisha. Injini ikitulia chini ya mzunguko mmoja na nusu, jikleri ya ralanti ni kubwa mno. Ikitaka zaidi ya miwili na nusu, ni ndogo. Mimi mwenyewe simhitaji mwalimu, kwani sikio langu la kushoto peke yake...

Mhariri ananivuta shati, nafasi imekwisha. Haraka basi: esansi ya kadhafi, wale wauzaji wa barabarani, imimine kwanza kwenye chupa nyeupe, uiache itulie, maji yatakaa chini, yamwage. Jikleri ndogo, buji, ralanti, kwa mpangilio huo.

Wenye pikipiki, mtanisoma wiki ijayo. Na yule wa Beni aliyeniandikia kurasa sita kuhusu kabureta ya Land Rover yake ya dizeli: ndugu yangu, dizeli haina kabureta.