Mkono wa Pole kwa Mangwasha

Jumatatu
Mwanafunzi wetu, Mwende, amerudi likizoni na riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, kitabu teule cha KCSE. Taa ya sola inayowaka ni moja, kwa hiyo anatusomea kwa sauti. Mangwasha, katibu wa Chifu Mshabaha, yuko kanisani na wanawe baada ya kijiji cha Matango kuteketezwa. Mumewe Mrima ni mlevi. Mwaitu, mama yangu, aliyekuwa akichambua ndengu, aliweka ungo chini. Muthokoi ukaungua jikoni. Nililalamika peke yangu, nikaambiwa kuna watu wamelala bila nyumba.

Jumanne
Lori la ndengu lilichelewa, nikafika nyumbani saa tatu usiku. Mwaitu alikuwa mlangoni. "Sagilu amekununulia ngapi?" Sagilu ndiye tajiri anayemharibu Mrima kwa pombe. Mimi nilikuwa nimekunywa soda. Nikalazimika kumpulizia mama yangu mzazi pumzi, nami nina mvi. Akanusa, akasema wengi huanzia kwenye soda.

Jumatano
Asubuhi nilimkuta Mwaitu barabarani na leso ya kanisani, gunia dogo la ndengu miguuni, akingoja matatu. Nchi ya riwaya inaitwa Matuo. Yeye alisikia mji wa Matuu.

"Mwaitu, huyo ni mtu wa kitabuni."

"Najua. Na Yusufu uliyemlilia Jumapili alipotupwa shimoni, mlisoma darasa moja?"

Nilimbebea gunia kurudi nyumbani. Njiani akanieleza kwamba amemjua jirani yetu wa ng'ambo ya boma tangu aolewe, na hadi leo hajui mwanamke yule huwaza nini akizima taa. Ya Mangwasha anayajua. Kisha akataja mwaka 1981, bwawa la Masinga lilipokamilika, na watu aliowaona wakihama na vitanda vichwani kwa sababu mashamba yao yalikuwa yanakwenda chini ya maji. Hakuna aliyemwambia walikuwa wanawaza nini.

Alhamisi
Mbuzi amekula kitabu. Si chote, amekula kuanzia pale tulipofikia. Kina mhuri wa shule.

Nilipanda matatu hadi Matuu. Riwaya ilikuwa imeisha dukani, nikauziwa mwongozo. Usiku Mwende akasoma: Mangwasha ni mvumilivu, ni jasiri, ana bidii, ana mapenzi ya dhati.

"Anaomba kazi wapi huyu?" Mwaitu akauliza, akaenda kulala.

Sikuwa na la kumtetea mwandishi wa mwongozo. Shuleni nasi tuliorodheshewa sifa za Kongowea Mswahili wa Siku Njema, tukazikariri, tukapewa alama. Hakuna hata moja ninayoikumbuka. Ninayemkumbuka ni kijana aliyefiwa na mama, Zainabu Makame, mwimba taarabu wa Tanga, akavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Kitabu kilitoka 1996. Mwandishi wake, Ken Walibora, alipofariki Aprili 2020, shemeji yangu alinipigia simu kunipa pole, na ilikuwa dhahiri kwamba pole ile ilikuwa ya Kongowea.

Ijumaa
Mwalimu jirani amekaa dukani kwetu asubuhi nzima bila kununua kitu. Amesema Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakamwandikia barua za hasira, na mwaka 1903 akalazimika kumrudisha hai. Mwaitu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba nambari ya Clara Momanyi. Nilimwambia maprofesa hawapigiwi simu hivi hivi. Akasema hataki mengi, Mrima tu.

Jumamosi
Chama cha akina mama kimekutana kwetu. Wakati wa maombi Mwaitu alimtaja mama mmoja aliyeunguliwa na nyumba, ana watoto wawili, mume yuko kwenye pombe. Hakusema ni wa wapi. Kofia ikazungushwa. Katibu akaandika daftarini: "Mangwasha, mkono wa pole, shilingi 430." Mke wangu alinikanyaga mguu nisiseme kitu.

Jumapili
Mweka hazina ameuliza pesa zitumwe kwa nambari gani.

Jumatatu
Mwende ameazima nakala ya mwenzake, tukamaliza. Mrima ameacha pombe, Lonare ameshika uongozi wa nchi. Mwaitu alitikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni la zamani, akaniruhusu kunywa soda.

Mweka hazina ameelezwa ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Mangwasha mwenyewe alipona. Chama kimeamua kwamba pesa zilichangwa kwa ajili yake na zitumike kwa ajili yake. Zimenunua nakala mpya ya Nguu za Jadi kulipa ile ya shule. Zilizopungua nimeongeza mimi, kwa sababu mbuzi ni wangu. Risiti imebandikwa daftarini, kwenye ukurasa wa misaada.