Mwongozo kwa Anayekwenda Kulizwa na Mwimbaji

Kula ushibe kabla ya kutoka nyumbani. Anayekwenda kumsikiliza mtu aliyetunga nyimbo zake mwenyewe, asiye na spika wala bendi nyuma yake, anakwenda kazini, na kazi hiyo haifanywi na njaa. Ugali na sombe, majani ya mhogo, vinatosha. Ukiwa juu milimani Masisi, huku Kivu Kaskazini, ongeza kipande cha jibini, maana ng'ombe wako huko. Ila usitafune mbele ya mtu anayeimba habari za baba aliyemkana mwanawe.

Kisa hicho ndicho utakachokutana nacho ukiteremka hadi kwenye misitu ya Walikale, kwa Wanyanga. Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa vilevile, mvulana, siku hiyohiyo akitembea na kusema. Baba akamrushia mikuki, akamzika angali hai, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Mtoto hakunyamaza. Aliimba humohumo ndani ya ngoma, akafuata maji kwenda kwa shangazi yake Iyangura.

Mwaka 1956 She-Karisi Candi Rureke alikiimba kisa hiki chote kwa siku 12, umati ukimzunguka, huku Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, akikiandika akisaidiwa na Wanyanga. Kilichapishwa California mwaka 1969, kwa majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene. Rureke alisema hajawahi kukiimba chote mfululizo namna ile. Desturi ni mwimbaji kuchagua kipande cha usiku huo na kuacha kingine kwa siku nyingine. Kwa hiyo usipige kelele ukidai wimbo unaoupenda wewe. Yeye ndiye anayepima koo lake limebaki na nini, na mioyo iliyoketi mbele yake inaweza kubeba kipi leo.

Usikunje mikono. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu tumeanza kujifunza kwenye kumbi za mijini kwamba adabu ya kusikiliza ni kunyamaza mpaka mwisho, halafu makofi. Katika usiku wa Wanyanga vijana hugonga fimbo kavu, mwimbaji hutikisa kibuyu, njuga zinalia miguuni, naye hucheza na kuigiza kila anayemtaja. Akisita kuvuta pumzi, watu huingia: wanaitika kiitikio au wanairudia sentensi yake nzima. Yeye akirudi, wao wanatoka. Usimfunike kwa sauti yako, lakini usimwache peke yake. Mwimbaji asiyeitikiwa anabeba mzigo wa kijiji kizima kwa shingo moja.

Mkono wako nao uitike. Chakula, kasiksi (pombe ya ndizi), zawadi ndogo, vitoe wimbo ukiendelea, usingoje aage. Akiviomba ndani ya wimbo wenyewe, hajakosa heshima. Hiyo ni sehemu ya sanaa yake. Fungua mfuko.

Vijana wetu siku hizi huja na gitaa kavu, lisilochomekwa popote. Anayedhani gitaa moja halitoshi asikilize rekodi za Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja, nyuzi sita, Kiswahili, na hakipungui kitu.

Sasa machozi. Usisingizie moshi wa jiko. Mwezi wa Januari 2025 Masisi-centre iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi wa Machi vita vikafika Walikale-centre. Wengi utakaoketi nao wamekimbia zaidi ya mara moja, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kwao, mvulana aliyefukuzwa kwao na bado akaimba akiwa njiani si mtu wa zamani. Mama wa benchi la pili akianza kulia, usimwulize ana nini. Sogea apate nafasi, mpe kitambaa, endelea kuitika, maana kiitikio kikikatika ndipo anapobaki peke yake mbele ya watu.

Na usitafute benchi la watu wa kabila lako. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mkano: keti pale panaposikika vizuri. Najua ninachoomba, na najua kwa nini ni kigumu. Lakini nimechoka kuona watu waliokimbia risasi zilezile wakigawana kuta za ukumbi mmoja.

Simu ibaki mfukoni kwa nyimbo za mwanzo angalau. Ukitaka kurekodi, mwombe ruhusa mwimbaji mwenyewe, si mwenye ukumbi. Akikubali, rekodi na watu wanaoitika, usijibane karibu na mdomo wake tu ukawaacha nje. Rureke tunamjua leo kwa kuwa aliyeandika aliliandika pia jina lake. Waimbaji wengine wangapi wa misitu hiyo wamebaki kuitwa "mzee mmoja wa Walikale"? Basi kabla hujaituma sauti hiyo WhatsApp kwa ndugu walioko Goma au Kampala, andika chini yake jina la aliyeimba, kama amekubali litajwe, kijiji chake, na tarehe. Kisha mpelekee na yeye nakala yake.