Wageni Wasipewe

Jana jioni shangazi yake mume wangu alinyoosha mkono kwenye beseni, akaokota zongzi (wali wa kufungwa kwa majani) yenye uzi mwekundu, na mama mkwe akamchapa vidole. "Hizo ziache," akamwambia. "Hizo kafunga mkwe." Alisema kwa Kikantoni, kwa sauti ya mtu anayedhani bado sijakijua. Nimekijua. Bahati mbaya nimekijua vizuri.

Huo uzi ulinifikia hivi. Huku Guangdong zongzi za kila aina huchemshwa sufuria moja, na zikishafungwa kwa majani zote zinafanana, kwa hiyo rangi ya uzi ndiyo inayosema kilichomo. Kwetu nyeupe ni nyama na choroko. Bluu ni za bibi, asiyekula nyama. Mimi nikakabidhiwa kibunda changu peke yangu, chekundu. Nyekundu China ni rangi ya harusi, ya bahasha za pesa za mwaka mpya, ya kila jambo la heri. Nikapiga picha, nikawatumia dada zangu Tanga. "Wamenipokea," niliandika. Kumbe maana yake ni kwamba wageni wasipewe.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu pamoja na uchungu wangu ni kitu cha ajabu. Mchele wake si wa Kyela. Ni mchele wa kunata. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Ile ya kwanza ndiyo inayosaidia wali uchambuke punje punje, na mchele wa kunata karibu hauna kabisa. Nimelelewa nikiambiwa kwamba wali ulioshikana ni aibu ya mpishi. Hapa usiposhikana ndiyo aibu. Nilianza, basi, nikiwa na malezi mabaya.

Mchele unalowekwa, majani ya mwanzi yanachemshwa yalainike. Unachukua majani mawili, unayapishanisha, unakunja koni, ile ile ya karatasi ya muuza karanga. Utaalamu wangu unaishia hapo, maana muuza karanga hatarajii koni yake ichemshwe kwa saa kadhaa. Ncha ikiwa na tundu la sindano tu, maji yameingia. Unatia mchele, choroko zilizokobolewa, kipande cha kitimoto chenye mafuta kilicholazwa na viungo vitano (karafuu imo, nami huinusa kwa fahari ya mtu aliyekulia ng'ambo ya Pemba), kiini cha yai lililokaa kwenye chumvi mpaka kikawa kigumu cha rangi ya chungwa, halafu choroko tena, mchele tena. Unafunika kwa majani yaliyobaki. Ncha moja ya uzi umeing'ata kwa meno, mkono mmoja umebana, wa pili unazungusha. Na hapo ndipo penye fumbo: mchele utavimba. Ukikaza mno hauna pa kuvimbia. Ama jani linapasuka, ama mchele wa katikati unabaki mgumu. Ukilegeza, unafungua uji. Katikati ya kukaza na kulegeza kuna nafasi finyu, na anayeijua ni kidole gumba cha mama mkwe. Namwangalia akifunga huku anatazama tamthilia, anamsema jirani, uzi menoni, na zongzi inatoka na pembe nne zilizonyooka. Zangu zina pembe pia. Idadi inategemea siku.

Niliuliza vipimo.

"Chumvi kiasi gani, mama?"

"Ya kutosha."

"Na zinachemka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ziive."

"Uzi nikaze vipi?"

"Ukiona utajua."

Haya. Lakini ikipasuka moja, maelezo hayakosekani: mkwe ni mgeni. Mapishi haya yanaitwa ya ukoo, yanatajwa kwa jina la ukoo wa mume wangu, na kila anayekanyaga hapa huambiwa yamerithiwa vizazi na vizazi. Yamerithiwa na nani? Mama mkwe alifundishwa na mama mkwe wake, bibi huyu wa uzi wa bluu, aliyetoka kijiji kingine. Bibi alifundishwa na wa kwake, aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na jina hilo. Wageni watupu! Mabinti wa ukoo waliolewa, wakaenda kufunga zongzi za watu wengine, na wana wa kiume wakabaki mezani. Mume wangu hajawahi kupasua hata moja, kwa kuwa hajawahi kuombwa afunge hata moja, na kwa rekodi hiyo safi yeye ndiye mwenyeji. Nikilifikiria hili usiku, sicheki.

Chanzo cha taabu yote, husimuliwa, ni Qu Yuan, mshairi wa dola ya Chu, aliyejitosa mto Miluo mwaka 278 KK kwa uchungu wa nchi yake. Watu wakatupa wali mtoni ili samaki wasiule mwili wake, na akawekewa siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya Kichina. Namsikitikia kwa dhati. Ila samaki wale walikula bila kuuliza nani kafunga.

Mikasa mingine ni midogo. Zile za maji ya magadi, za njano, zinazoliwa na sukari, zilitoka na ladha ya sabuni. Rafiki wa Beijing aliipokea ya nyama kama taarifa ya msiba, kwani kwao kaskazini hutiwa kunazi. Binamu yangu alipotutembelea aling'ata pamoja na jani; nikamtetea kwamba Rais Gerald Ford wa Marekani aliifanyia tamale, chakula kingine cha kufungwa kwa maganda, hivyo hivyo kule San Antonio mwaka 1976, ikawa kama nimezidisha kesi.

Leo asubuhi mume wangu kapigiwa simu na mwenzake wa kazini anayeitaka siri ya zongzi za kwao. Kamweleza kwa utulivu mkubwa: subira, mkono, damu ya ukoo. Halafu akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia na kuninong'oneza: choroko zinatangulia au nyama?

Nikamwambia ukiona utajua.