Nakudai Michezo 9,999,994

Mtoto akiingia dukani kwangu hamalizi dakika mbili. Anatupa macho kwenye rafu, anauliza kama naweka gemu kwenye simu, nikimwambia siweki anatoka bila kuaga. Anayebaki ni baba aliyemleta. Huyo ndiye mteja. Atachukua kaseti ya njano ya gemu ya TV, aigeuze, aipulize kwenye meno ya shaba kama ilivyokuwa desturi yetu sote, ingawa pumzi ina unyevu na unyevu ndio unaoyaozesha meno hayo, kisha aanze: "Sisi mtaani kwetu ilikuwa moja tu..." Hapo huwa nafunika chai yangu kwa sahani.

Duka ni kibanda cha mabati hapa Bura. Nauza vichezeo na gemu za zamani, na panapo umeme nachezesha mechi kwa shilingi kumi. Mali nyingine inatoka kwenye mitumba ya Kongowea kule Mombasa, nyingine inaletwa na watu wanaosafisha stoo za wazazi wao. Mashine iliyokulia pande hizi utaijua ukiifungua. Vumbi lake ni lile lile jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, na PlayStation 2 iliyoishi Voi miaka kumi haikosi udongo wa kuotesha mche wa sukuma.

Watu huniuliza ni nani wa kununua vitu hivi Bura, mahali wanapopajua kwa misheni iliyoanzishwa mwaka 1892 na kwa shule zake. Nawajibu: Desemba. Watu wa kwetu walioko Nairobi na Mombasa wanashuka SGR pale Voi, wanadandia matatu ya Mwatate, wanafika nyumbani, wanakula, wanalala, na siku ya pili hawana la kufanya. Miezi mingine najikimu na walimu, wastaafu na vijana wa bodaboda.

Mwalimu mmoja (shule siitaji, wanafunzi wake hawajamaliza kumcheka) alinunua mashine ya gemu ya TV, zile za kuiga mtambo wa Nintendo wa mwaka 1983, pamoja na bunduki yake ya plastiki ya kuwindia bata. Mchezo wenyewe ni Duck Hunt. Bata wanaruka kutoka nyasini, unafyatua. Ukiwakosa, mbwa anachomoza pale pale nyasini, mkono mdomoni, anakucheka. Na mbwa huyo hapigiki. Wengi wetu tulijaribu.

Kesho yake sijafungua hata kufuli ya pili, Mwalimu yuko mlangoni na mfuko.

"Kijana, bunduki hii ni mbovu."

Alikuwa amepigia kwenye kochi, akakosa. Akasogea hadi kwenye meza, akakosa. Mwisho akapiga magoti mbele ya TV na kumgusisha bata mtutu kifuani, bata akaruka zake. "Nimechekwa na mbwa mpaka saa tano za usiku," akasema, "mbele ya watoto na mama yao. Na yule mdogo sasa ameshajifunza kicheko chenyewe."

Nikamuuliza TV yake ni ya namna gani. Akanyooka. Ni mpya, bapa, ya ukutani.

Ikabidi nimpe habari mbaya. Bunduki ile haitoi kitu. Ni jicho tu. Ukifyatua, kioo cha TV kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe, na bunduki inaangalia kama mwanga umeonekana mbele yake wakati ule ule. TV za zamani zenye mgongo zilichora picha bila kusita. Ya bapa huipokea picha, ikaitengeneza kwanza, ndipo ikaionyesha. Binadamu hatambui kuchelewa huko. Bunduki imeshakata tamaa.

Mwalimu anafundisha sayansi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kaifumbata. "Kwa hiyo kosa langu ni kununua TV nzuri?"

Kumbe nyumbani alikuwa nayo Great Wall ya inchi 14, ile isiyo na rangi iliyokuwa ikila betri ya gari. Wa rika langu wanazikumbuka: kila boma lenye Great Wall lilikuwa na kijana wa kusukuma betri kwa toroli hadi senta ikachajiwe, na akichelewa kurudi mechi inaishia kwenye redio. Lakini matangazo ya analogia yalipozimwa mwaka 2015, mkewe aliitoa nje, akaing'oa matumbo, na sasa kuku anatagia humo. Mwalimu akaanza kuzunguka boma kwa boma kuulizia TV yenye mgongo. Hilo ndilo lililoniharibia mimi, maana uvumi ulimtangulia. Unaukumbuka ule wa zebaki nyekundu, inayosemekana kufichwa ndani ya vyombo vikuukuu? Ndio uliowafanya watu wa Saudi Arabia, mwaka 2009, kununua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kutisha. Basi ukaamkia Bura. Mwalimu anatafuta TV mbovu? Mwalimu si mjinga, kuna kitu. Mzee mmoja alimtajia elfu hamsini kwa TV ambayo mchwa walikuwa wameshaila sanduku. Na mimi nilipotaka moja ya kujaribia mashine zangu, nikaambiwa nipange foleni nyuma ya Mwalimu.

Karani mstaafu ndiye mteja ninayemheshimu kuliko wote, na ndiye ninayejificha nikimwona. Alinunua kaseti yenye karatasi iliyoandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999,999. Sisi wengine tulikua na kaseti kama hiyo, na hakuna aliyewahi kuihoji. Ilikuwa namba ya kufurahisha tu, kama umri wa Nuhu. Lakini huyu alihesabu mali za watu maisha yake yote, na hakuwa tayari kupokea shehena bila kuikagua.

Alirudi na daftari. Alikuwa ameligawa kwa rula: namba, jina, maelezo. Kwenye maelezo kumejaa maneno "ni yule yule". Mario anayeanzia mwanzo ni mmoja. Mario anayeanzia hatua ya pili, naye kaseti imempa jina lake. Kuna Mario wa hatua ya tatu mwenye jina la tunda. Kuna wanajeshi wawili wa Contra walioandikwa mara nyingi kuliko wanajeshi wa kweli. Karani alipanguza miwani, akafungua ukurasa wa mwisho uliopigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

"Michezo halisi ni mitano. Nakudai michezo 9,999,994."

Nikamwambia, Mzee, hata ungecheza mmoja kila dakika, usiku na mchana, kazi hiyo ingekuchukua miaka kumi na tisa. Akapiga hesabu pembeni ya daftari, akakuta ni kweli, akasema yeye ni mstaafu, anao muda. Mpaka leo hajataka pesa zake. Anataka salio, na kila mwisho wa mwezi anapita kuuliza kama limefika.

Kuna lile jambo la Furby. Lilitoka kwenye robota likiwa zima: manyoya, masikio, macho yanayofumba na kufumbua. Kichezeo hiki kilitoka Marekani mwaka 1998, kinasema lugha yake na Kiingereza kidogo, na waliokiunda hawakukiwekea swichi ya kuzima. Kukinyamazisha ni kuking'oa betri. Mama mmoja jirani alimchukulia mjukuu wake. Usiku radi ikapiga, na Furby ambalo lilikuwa limelala juu ya kabati likafumbua macho na kuanza kuhutubia nyumba.

Asubuhi lililetwa ndani ya kikapu, limefunikwa leso mbili, likisindikizwa na akina mama watatu wa jumuiya.

"Mwanangu, kitu hiki kinasikiliza."

"Mama, ni betri tu."

"Kinasikiliza."

Mwezi wa kwanza mwaka 1999, shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliwapiga marufuku wafanyakazi wake kuingia na Furby kazini, likihofia kwamba Furby linanasa maneno ya siri na kuyarudia. Waliolitengeneza wakaeleza kwamba haliwezi kurekodi kitu. Mama hakuwa na habari hizo. Alifikia uamuzi ule ule wa NSA kwa usiku mmoja, tena bila bajeti. Alikataa kurudishiwa pesa, akachagua mwanasesere wa kawaida, akamchungulia usoni kwa muda mrefu, na alipohakikisha macho yamechorwa tu, akaondoka.

Mengine ni madogo madogo. Mmoja alinunua memori kadi ya PlayStation 2, ya megabaiti 8, aitie kwenye simu. Mbali na kwamba haiingii, picha tatu za simu yake zingeijaza. Kijana wa bodaboda, shabiki wa Liverpool, alinirudishia diski ya Pro Evolution Soccer akidai ni feki, kwa sababu timu yake imeandikwa Merseyside Red. Nilimweleza kwamba waliotengeneza gemu hawakuwa na leseni ya kutumia jina la klabu. Akaniambia alivumilia miaka thelathini bila ligi, hawezi sasa kucheza kwa jina la kukodi.

Kitu pekee kilichowahi kuuzwa hapa bila malalamiko ni gari la waya. Mtoto wa darasa la tano alilileta mwenyewe, usukani mrefu, taa za vifuniko vya soda, magurudumu ya ndara. Mgeni wa Desemba alilipia mia tano bila kuuliza mara mbili. Habari zikapanda mlima na kushuka, na kufikia Jumamosi kulikuwa na foleni ya watoto na magari, malori, hata kigari cha wagonjwa. Nikayapanga yote rafu ya mbele.

Jumatatu akaja jirani wa nyuma ya duka. Kamba yake ya kuanikia nguo, ambayo ni ya waya, haikuwapo. Mguu wa kulia alikuwa amevaa ndara ya bluu, wa kushoto pekupeku. Alipita mbele ya rafu polepole, akachukua lori moja, akalipindua, akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Hili unauza ngapi?"

"Mia tatu, Mama."

"Haya. Waya ni wangu, magurudumu ni yangu." Akanyoosha mkono. "Huyo mtoto mlipe ufundi. Zangu nipe sasa hivi."