Shukrani za Bagamoyo kwa Goli Lisilokuwepo

Kwa Kamati ya Waamuzi,
Shirikisho la Soka Afrika (CAF),
Cairo, Misri.

YAH: GOLI LA PRETORIA LA TAREHE 5 APRILI 2024

Wapenzi wa soka wa Bagamoyo, pamoja na wenzao wa Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga hadi kufika Bunju, wanaleta mbele ya Kamati tukufu shukrani ambazo kwa haki zilipaswa kufika Cairo siku nyingi, na ambazo zimechelewa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba waliotakiwa kuziandika walikuwa bado wanabishana. Saini za Bunju, ambako klabu ya Simba, mtani wa jadi wa Yanga, ina uwanja wake wa mazoezi, zilipatikana kwa taabu zaidi kuliko nyingine. Zawadi inayoshukuriwa ni goli lililokataliwa katika uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, usiku wa Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, wakati Yanga ya Dar es Salaam ilipokuwa ikicheza na Mamelodi Sundowns mchezo wa marudiano wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Vikombe huchakaa na fedha za ushindi huliwa, lakini goli lile liko vilevile kama lilivyokuwa usiku ule.

Kwa ajili ya jalada, ni vyema yaliyotokea yaelezwe kwa ufupi. Mchezo wa kwanza, uliochezwa tarehe 30 Machi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulimalizika bila goli. Katika marudiano, kipindi cha pili, Stephane Aziz Ki alipiga shuti la mbali lililomshinda kipa Ronwen Williams. Mpira ukagonga mtambaa panya, yaani ule mwamba wa juu unaounganisha nguzo mbili za goli, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga walinyoosha mikono kudai goli, mwamuzi kutoka Mauritania akaacha mchezo uendelee, na wasaidizi wake wa video, wale wanaokaa mbele ya runinga mbali na jasho la uwanja na wanaojulikana kwa herufi tatu za VAR, hawakubadilisha lolote. Dakika 90 zikaisha bila goli, Sundowns ikashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2, na Yanga ikaandika malalamiko rasmi kwa Shirikisho.

Thamani ya zawadi hiyo haionekani vizuri mpaka iwekwe pembeni ya jambo jingine lililotokea usiku uleule. Simba ilikuwa hapo hapo Cairo ikicheza na Al Ahly, na baada ya kufungwa 1-0 nyumbani tarehe 29 Machi, ilifungwa tena 2-0 na kuaga mashindano. Klabu mbili za Kariakoo zilitolewa katika mashindano yaleyale, hatua ileile, usiku mmoja. Lakini leo hii, katika kijiwe chochote cha bodaboda kati ya Bagamoyo na Tegeta, ni vigumu kumpata mtu anayeweza kuyasimulia magoli ya Al Ahly bila kusitasita, ilhali shuti la Aziz Ki husimuliwa na watu ambao hawakuliona, na husimuliwa kwa ufasaha zaidi na hao. Kufungwa kihalali ni msiba usio na matanga. Aliyefungwa hivyo hana pa kuupeleka uchungu wake isipokuwa kwa kocha, na kocha hufukuzwa, na uchungu huondoka naye. Hata fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, ambayo Simba iliipoteza mbele ya Stella Abidjan kwa kufungwa 2-0 jijini Dar es Salaam baada ya sare ya ugenini, wazee huisimulia kwa sauti ya chini na kuimaliza haraka, kwa sababu kesi ile haina mshtakiwa.

Yanga nayo ina kidonda kingine ambacho hakikupata heshima kama hii. Mwaka 2023 ilipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya USM Alger ya Algeria, ikiwa imefungwa 2-1 nyumbani na kushinda 1-0 ugenini, kwa kanuni ya goli la ugenini, yaani ile inayolipa uzito zaidi goli la mgeni pale jumla za magoli zinapolingana. Ulaya ilikwisha kuitupa kanuni hiyo mwaka 2021. Hapo palikuwa na hoja nzito ya kulalamikia, yenye vifungu na hesabu, lakini kanuni haina uso, haipulizi filimbi wala haitoki uwanjani ikizomewa, na uchungu wa shabiki hauwezi kukaa mahali pasipo na uso. Kamati ndiyo iliyoutambua upungufu huo na kuuziba mwaka uliofuata.

Kama mambo yangekwenda kinyume, hasara ingekuwa kubwa. Katika msimu ule, timu iliyoishia robo fainali ililipwa dola 900,000 na iliyofika nusu fainali dola milioni 1.2, kwa hiyo Yanga, endapo ingevuka na kuishia hapo, ingepata nyongeza ya dola 300,000 pamoja na michezo miwili dhidi ya Espérance ya Tunisia, ambayo ndiyo iliyoiondoa Sundowns yenyewe kwa kuifunga 1-0 Tunis na 1-0 tena Pretoria. Nusu fainali hiyo nani anaikumbuka? Dola hizo zingekwisha kutumika kwa mishahara na nauli za ndege, wakati goli lililokataliwa linaendelea kulipa kila jioni, bila kodi.

Mahali linapolipwa ni kwenye kibanda umiza, yaani banda la mabati au makuti ambamo watu hutoa kiingilio kidogo, hubanana kwenye mabenchi na kutazama mpira kwa pamoja, huku ratiba ya michezo ya siku ikiwa imeandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya mlango. Mchezo wa Pretoria uliangukia kumi la mwisho la Ramadhani, na wapo waliouangalia wakiwa bado na kanzu za tarawehe. Ubishi uliozaliwa humo una utaratibu kamili kama wa mahakama. Mtu mmoja hutoa simu, huitafuta ile video, huisimamisha pale mpira unapokuwa chini ya mwamba, kisha huweka ukucha wa kidole gumba juu ya kioo chenye nyufa ili uwe mstari wa goli, na watu sita huinamia ukucha huo. Shabiki wa Simba, ambaye kwa mujibu wa utani, yaani ile desturi inayowapa watani ruhusa ya kudhihakiana hata msibani, analazimika kumtetea mwamuzi wa Mauritania asiyemjua, hutamka kwamba mpira haukuvuka wote, shabiki wa Yanga huomba simu ipelekwe kwenye mwanga, betri huisha, shauri huahirishwa hadi kesho.

Ni wajibu wa barua hii, hata kama itawaudhi waliotia saini, kusema kwamba shabiki wa Simba hasemi upuuzi. Sheria ya 10 ya mchezo wa soka inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, kati ya nguzo na chini ya mwamba, ndipo goli lihesabiwe. Mstari huo unaruhusiwa kuwa na upana usiozidi sentimita 12, na mpira una kipenyo cha takriban sentimita 22, kwa hiyo mpira unaweza kuonekana umeingia kabisa kwa mtu aliyesimama pembeni huku ukingo wake ukiwa bado unaning'inia juu ya chokaa. Kamera isipokaa sawasawa na mstari huleta hitilafu ya pembe ya kutazamia, yaani ile hali ya kitu kilicho hewani kuonekana kiko juu ya mahali ambapo hakipo, na kadiri kitu kinavyokuwa juu zaidi ya ardhi, ndivyo hitilafu inavyozidi. Kwa picha zilizorushwa usiku ule, mtu mwadilifu anaweza kuamini kwamba mpira ulivuka, na wengi wenye akili timamu wanaamini hivyo, lakini kuapa mbele ya kadhi ni jambo jingine. Yapo pia yale ambayo hayatajwi kijiweni hata kwa bahati mbaya: kwamba katika dakika 180 za michezo miwili Yanga haikupata goli jingine lolote la kubishaniwa, na kwamba ilipofika penalti ni mikwaju yake miwili tu iliyoingia. Uchungu una kumbukumbu nzuri, ila huchagua.

Kamati isidhani kwamba Bagamoyo inajiona ya kwanza. Waingereza walipewa goli la namna hii Wembley mwaka 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani Magharibi, pale shuti la Geoff Hurst lilipogonga mwamba na kudunda chini, na mshika kibendera kutoka Azerbaijan, Tofiq Bahramov, akaashiria kwamba limeingia. Wajerumani wameligombania tangu siku hiyo, na nchini kwake Bahramov alitunukiwa uwanja wenye jina lake mjini Baku. Mwaka 2010, Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alifunga goli dhidi ya Ujerumani ambalo dunia nzima iliona limevuka mstari kwa umbali wa kutosha, na halikutolewa. Tofauti ni kwamba aibu ya Bloemfontein ilizaa kitu: mwaka 2012 bodi inayotunga sheria za soka iliidhinisha teknolojia ya mstari wa goli, yaani mfumo wa kamera au vihisio unaompelekea mwamuzi ishara kwenye saa ya mkononi ndani ya sekunde moja mpira unapovuka wote. Mfumo huo haukuwepo Pretoria miaka 12 baadaye, na bila shaka Kamati ilikuwa na sababu nzuri ya kuwaepusha wapenzi wa soka na majibu ya haraka.

Kuhusu Mauritania kumtunukia mwamuzi wake uwanja kama Bahramov, Bagamoyo haina maoni. Inachoweza kutoa ni huduma zake yenyewe. Mji huu unajua kutunza vitu vilivyovunjika: magofu ya Kaole yamehifadhiwa, Ngome Kongwe imesimama, na njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoishia katika fukwe zake imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Wachongaji wapo, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ipo. Mtambaa panya mmoja wa mninga, uliochongwa kwa vipimo halali vya mita 7.32 kwa upana na mita 2.44 kutoka ardhini, ungekaa vizuri sana karibu na Boma, na watalii wangeuliza.

Liko jambo moja ambalo lingefaa kunyamaziwa kwa adabu, ila ukimya ndio uliolikuza. Karibu na soko la samaki, maji yanapokupwa, watoto hucheza mpira kati ya fito mbili zisizo na mwamba, ambapo urefu wa goli ni pale inapofika mikono ya kipa, na ubishi unapokuwa mkali huamuliwa na mwenye mpira, kwa kuwa asiporidhika huuchukua na kwenda nao kwao. Rais wa Shirikisho, Patrice Motsepe, alikuwa mmiliki wa Mamelodi Sundowns kabla ya kuchaguliwa kushika wadhifa huo Machi 2021, na klabu inaongozwa na mwanawe akiwa mwenyekiti. Barua hii haimtuhumu mtu na haina ushahidi wa kumtuhumu mtu. Inataarifu tu kwamba watu wa pwani wanayo methali moja kuhusu nyani, ngedere na kesi, kwamba methali hiyo ilianza kutamkwa tangu kwenye daku ya usiku uleule, na kwamba haijibiwi kwa kukaa kimya.

Namna ya kuijibu inajulikana. Tarehe 30 Septemba 2023, katika Ligi Kuu ya Uingereza, chumba cha VAR kilikosea na kuliacha goli halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham libaki limekataliwa kwa madai ya kuotea. Waamuzi wakakiri kosa siku hiyohiyo, na baada ya siku chache mazungumzo yote ya chumbani yakatolewa hadharani, yakiwa na mkanganyiko wake, matusi yake na ile sauti ya mtu aliyegundua kosa akiwa amechelewa. Liverpool haikurudishiwa goli wala pointi, na mashabiki wake hawajasamehe, lakini wanachokichukia wanakijua.

Barua hii haiombi goli lirudishwe. Sheria ya 5 inasema kwamba uamuzi wa mwamuzi juu ya matukio ya mchezo, likiwemo la goli kuingia au kutoingia, ni wa mwisho, na watu wa Bagamoyo wanaiheshimu sheria hiyo hata wanapoilaani. Wanaomba mambo mawili: teknolojia ya mstari wa goli ifungwe katika viwanja vyote kuanzia hatua ya robo fainali, na sauti za chumba cha VAR za usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, pamoja na picha za kila kamera iliyokuwepo, zitolewe hadharani ili kila mtu ajionee. Ikibainika kwamba mpira haukuvuka, mashabiki wa Simba watasherehekea wiki nzima, na hilo litavumiliwa. Kamati inaombwa kujibu kwa maandishi, kupitia Shirikisho la Soka Tanzania, kabla ya robo fainali nyingine kuchezwa.

Wapenzi wa Soka,
Bagamoyo, Mkoa wa Pwani.

Nakala: Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), Dar es Salaam; Klabu ya Yanga, Jangwani; Klabu ya Simba, Msimbazi, kwa taarifa tu.